Nani Amshike Nani Mkono: Historia ya Chepilat na Nchi ya Chai

Ukitoka Sotik ukielekea Keroka na Kisii, utapita Chepilat. Ni soko la njiani kama mengine: akina mama wenye ndizi na viazi, mafundi wa pikipiki, maduka ya mbolea na dawa za mifugo, vibanda vya M-Pesa, vijana wa bodaboda wakingojea abiria. Lakini mpaka wa kaunti unapita hapa. Huku ni Bomet, kule ni Nyamira. Mteja mmoja humsalimu muuza ndizi kwa "Chamgei", anayemfuata humwambia "Bwakire buya", naye huwajibu wote wawili huku akiendelea kupanga mafungu yake.

Watu wanaofundisha vyuoni huita jambo ninalotaka kulisimulia hapa "sera za kijamii". Ni jina zito kwa swali ambalo kila kijiji kimewahi kujiuliza. Mtu akizidiwa na ugonjwa, uzee, njaa au kufiwa, nani ana wajibu wa kumshika mkono, na kwa sababu gani? Je, ni kwa sababu ni wa ukoo wake? Kwa sababu anamfanyia kazi? Kwa sababu alilipa mchango mapema? Au ni kwa sababu tu yeye ni mtu na ni raia? Majibu hayo yote yamejaribiwa katika vilima hivi vya chai kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, na kila moja limeacha alama yake.

Jibu la kwanza lilikuwa la wenyeji. Wakipsigis, watu wa upande wa Bomet wa leo, waliishi kwa kokwet, yaani majirani wa eneo moja walioamua mambo yao pamoja chini ya wazee, kuanzia ugomvi wa mipaka hadi mtoto aliyebaki bila walezi. Walikuwa pia na desturi ya kimanagan. Mwenye ng'ombe wengi hakuwafungia wote katika boma lake. Aliwapeleka baadhi kwa rafiki aliyekaa mbali. Rafiki aliwatunza na kunywa maziwa, lakini ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa ukipita upande mmoja, au wavamizi wakija usiku, mtu hakupoteza vyote kwa mara moja. Na rafiki aliyekuwa hana kitu alipata maziwa ya watoto wake bila kuitwa maskini. Kwangu mimi hiyo ni bima iliyokamilika, na tena ilikuwa na heshima ndani yake.

Upande wa Abagusii, yaani Wakisii, kulikuwa na risaga. Majirani walikusanyika kulima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, na mwenye shamba akaandaa chakula na pombe ya wimbi. Na kati ya pande hizo mbili kulikuwa na biashara: nafaka za Abagusii zilibadilishwa na mifugo ya Wakipsigis, hasa mvua ilipokosekana. Waliibiana ng'ombe na kupigana, ndiyo, lakini walilishana pia.

Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Msaada ule ulikuwa wa wenye uhusiano. Mgeni asiye na rika, mjane asiye na mtoto wa kiume, mtu aliyetengwa na ukoo, hao hawakuwa na mahali pa kudai. Aliyefahamika alishikwa mkono. Asiyefahamika alitegemea huruma ya mtu mmoja mmoja, na huruma huisha.

Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliwavamia Wakipsigis wa Sotik. Watu wengi waliuawa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Vitabu vingi husimulia tukio hilo kama vita tu. Mimi naliona pia kama uharibifu wa hifadhi ya jamii, kwa sababu ng'ombe wale walikuwa chakula, mahari, akiba na bima kwa wakati mmoja. Baada ya hapo ardhi ya Sotik ikakatwa na kugawiwa walowezi wa Kizungu, katikati ya hifadhi ya Wakipsigis na ile ya Wakisii, yaani maeneo waliyotengewa wenyeji, hata majirani waliokuwa wakipakana wakatenganishwa na ukanda wa mashamba ya watu wa nje. Chepilat ya leo imeketi katika ukanda huo.

Kisha likaja jambo ambalo kila mtu anayejadili sera za kijamii nchini Kenya angepaswa kulijua. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliandaa mpango wa kuwapa ardhi askari wa Kizungu waliorudi vitani. Sehemu ya mpango huo ilihusu maofisa waliojeruhiwa na kubaki na ulemavu. Mwaka 1919 walitengewa ekari 25,000 huko Kericho, katika ardhi iliyokatwa kutoka hifadhi ya Wakipsigis, ili walime kitani na kuishi kwa heshima. Uingereza ilikuwa na deni kwa watu wake waliopoteza viungo vitani, ikaamua kulilipa. Wazo lenyewe, la kumpa majeruhi njia ya kujitegemea badala ya kumwachia bakuli la kuombea, ni wazo zuri. Lakini deni lililipwa kwa mali ya mtu mwingine.

Wakati huohuo makumi ya maelfu ya Waafrika walikuwa wamekufa katika vita hivyo hivyo, wengi wao wapagazi waliobeba mizigo na kuuawa na njaa na ugonjwa wa kuhara zaidi kuliko risasi. Hao hawakutengewa hata ekari moja. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Waliorudi walikuta kipande, yaani kitambulisho cha lazima, kodi ya kichwa, na waraka wa Gavana Northey wa Oktoba 1919 uliowataka machifu wahimize watu waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mlemavu mmoja alipewa shamba na mlemavu mwingine akatumwa kulilima. Kila nikipita Kericho nikaona ule ukijani uliokatwa sawasawa kama zulia hufikiria kwamba ardhi ile ilianza kama msaada wa kijamii.

Mpango wa kitani haukudumu. Bei ilianguka, na kubadilishwa kwa thamani ya fedha ya koloni kukawaongezea wakulima wale madeni. Katikati ya miaka ya 1920 sehemu kubwa ya ardhi iliingia mikononi mwa kampuni mbili za chai, Brooke Bond na James Finlay, ya pili ikijulikana hapa kwa jina la African Highlands. Ardhi haikurudi kwa waliopokonywa.

Kampuni zilileta jibu jipya kwa swali letu: unashikwa mkono kwa sababu unafanya kazi. Chai haina likizo. Huchumwa mwaka mzima, majani mawili na kichipukizi, kwa hiyo ilihitaji watu wanaokaa papo hapo. Waliokuja wengi walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi, kwa kuwa Wakipsigis wengi hawakutaka kuchuma kwa mshahara katika ardhi waliyoihesabu kuwa yao. Ili wafanyakazi wakae, kampuni zilijenga kambi. Kambi zikapata bomba la maji, zahanati, baadaye hospitali, shule za msingi, viwanja vya mpira. Mtoto aliyezaliwa kambini alichanjwa kambini na kusoma kambini.

Ni haki kusema kwamba kwa miongo mingi zahanati ya kambini ilikuwa na dawa wakati ile ya serikali kijijini ilikuwa na foleni tu. Mzazi aliyechuma chai aliweza kumfikisha mtoto sekondari. Vyama vya wafanyakazi navyo vilipigania nyongeza, na tangu 1963 chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa kimekaa mezani na waajiri kujadili mshahara, nyumba na likizo ya uzazi. Hayo yalipatikana kwa migomo na mazungumzo, hayakuwa zawadi.

Lakini kila kitu kilifungwa kwenye ajira. Nyumba ilikuwa ya kazi. Siku ya kustaafu, mchumaji aliyekaa chumba kilekile miaka thelathini alirudisha ufunguo, akapakia godoro, sufuria na kuku wake, akarudi kwao ambako huenda alikuwa na robo ekari au hana kitu. Mwanamke aliyekosana na nyapara alijua kwamba anahatarisha mshahara pamoja na paa na shule ya watoto. Februari 2023 BBC ilipotangaza habari za wanawake wa mashamba ya Kericho waliolazimishwa ngono na wakubwa wao wa kazi, wengi nchini walishtuka. Waliokulia kambini hawakushtuka. Mtu mmoja anaposhika ufunguo wa kazi, nyumba na matibabu yako, ameshika mwili wako pia.

Mwingereza Richard Titmuss, aliyetumia maisha yake kufikiria mambo haya, aligawa sera za kijamii katika mifano mitatu. Katika wa kwanza, serikali huingia tu pale familia na soko vimeshindwa, kisha hutoka haraka. Katika wa pili, mtu hupata kadiri ya kazi na mchango wake. Katika wa tatu, huduma ni haki ya kila raia, na hutolewa bila kumuuliza mtu kwanza kama ni maskini. Titmuss hakuwa mgeni kabisa Afrika Mashariki, kwani mwaka 1964 yeye na wenzake waliiandikia Tanganyika ripoti juu ya huduma zake za afya. Mifano yake ilichapishwa mwaka 1974, baada ya kifo chake. Nikiisoma naona Kericho: kokwet na michango ya matanga ni wa kwanza, kambi ya chai ni wa pili. Wa tatu ndio tulioahidiwa kwenye uhuru.

Ahadi ilitolewa kwa sauti kubwa. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilichapisha waraka nambari 10 juu ya usoshalisti wa Kiafrika, ukisimamiwa na Tom Mboya. Waraka ulisema jamii ya Kiafrika ina desturi ya kuwajibikiana, na kwamba dola itaikuza desturi hiyo hadi ifikie taifa zima. Mwaka huohuo ada ya kutibiwa katika zahanati za serikali iliondolewa. Lakini waraka huohuo ulisema fedha za maendeleo zielekezwe kule ambako zitazaa haraka zaidi. Sentensi hizo mbili hazikai nyumba moja. Kuwajibikiana humtanguliza aliyebaki nyuma. Kuzaa haraka humtanguliza aliyetangulia. Tanzania, mwaka 1967, ilitangaza Azimio la Arusha na kuchagua usawa, hata kwa gharama ya umaskini wa wote. Kenya ilichagua ukuaji kwanza, na pengo ikaliachia harambee.

Hata Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, ilipoanzishwa mwaka 1966, ililenga waliopata mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Mchumaji wa chai wa wakati huo hakuota mshahara kama huo. Mkulima wa Chepilat ndiyo kabisa.

Chepilat yenyewe ilikuwa inazaliwa upya. Walowezi wa Sotik walipouza na kuondoka, mashamba yao yalinunuliwa chini ya mpango wa ekari milioni moja na kugawanywa. Sehemu ya magharibi ikawa makazi ya Abagusii, ndiyo Borabu ya leo. Sehemu nyingine ikaenda kwa Wakipsigis. Wote walikatiwa mashamba kwa mkopo, wote wakalipa deni kwa maziwa, pareto na chai. Wakoloni waliwatenganisha kwa ukanda wa walowezi. Uhuru ukawakutanisha bila kumaliza swali la nani alikuwa wa kwanza pale.

Chai ya mkulima mdogo ilikuja na jibu lake. Mamlaka iliyokuwa imeanza 1960 iligeuka KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, mwaka 1964, viwanda vikajengwa, na kina mama wakaanza kubeba mabunda mgongoni kila asubuhi hadi kituo cha kununulia. Nenda ukaone. Kibanda cha bati, meza ndefu ya waya, karani mwenye mizani. Majani humwagwa, karani huyapapasa akitoa yaliyokomaa, hupima, hutoa uzito wa gunia, kisha humpa mama karatasi ndogo yenye kilo. Mama huikunja mara mbili na kuitia kifuani. Karatasi hiyo ndiyo ada, ndiyo dawa, ndiyo pensheni. Malipo ya kila mwezi hununua unga, na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai hujenga nyumba au kulipa deni la hospitali. Hakuna ofisi ya serikali iliyomlea mzee wa hapa kama bonasi.

Na bonasi haina huruma. Mnada wa Mombasa ukishuka, mtoto hukaa nyumbani. Miaka mingi wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, yaani Kericho, Bomet, Nyamira na Kisii, wamelipwa bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki, na wamelalamika kwa sauti moja. Ni malalamiko machache sana ambayo mkulima wa kiwanda cha Nyansiongo na yule wa Kapkatet huyatoa kwa maneno yaleyale.

Desemba 1989 hospitali za serikali zikaanza tena kutoza ada, kwa jina la kugawana gharama, kama walivyotaka wakopeshaji wa nje. Ada ilisimamishwa 1990 kisha ikarudishwa. Hapo ndipo mchango ukawa mfumo wetu halisi wa afya. Bahasha ya manila, baadaye kikundi cha WhatsApp, jina la mgonjwa, nambari ya mweka hazina, na orodha ya waliotoa. Tunaujua vizuri: aliyechangia wengi huchangiwa sana, aliyekuwa hana cha kutoa hupata kidogo. Hospitali za misheni, kama Tenwek iliyoanza 1937, na Kaplong karibu na Sotik, zilibeba wengi ambao serikali haikuwabeba, lakini nazo zina mishahara na dawa za kulipia.

Kisha mambo mawili yakapasua soko. Mwaka 1992, siasa za vyama vingi zilipoingia, mapigano ya kikabila yalifika mpaka wa Sotik na Borabu. Yakarudi kwa ukali Januari na Februari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa. Chepilat ilichomwa. Nyumba zikateketea pande zote mbili, na watu waliozoea kukopeshana unga wakawindana kwa mishale.

Serikali ilipoanza kuwarudisha watu makwao Mei 2008, iliahidi kila familia iliyohama shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Lakini waliohesabiwa kwanza ni waliokuwa katika kambi za waliohama. Familia nyingi za Kisii na Nyamira hazikukaa katika kambi hizo. Zilipokewa na shangazi, mjomba, rafiki wa kanisani, zikalala kumi katika vyumba viwili. Kwa sababu ndugu waliwashika mkono, dola haikuwaona. Walibaki wakidai kwa miaka. Msaada wa ukoo, ambao waraka wa 1965 uliusifu kama msingi wa taifa, uligeuka sababu ya kumnyima mtu msaada wa taifa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, iliandika kwa mara ya kwanza kwamba kila mtu ana haki ya afya bora, makao, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii. Imesema kila mtu. Haikusema kila mfanyakazi wala kila mchangiaji. Lakini ilizigawia kaunti afya na shule za chekechea, na tangu 2013 Chepilat imekuwa na serikali mbili. Watoto wanaochezea vumbi moja wanaomba basari katika ofisi mbili. Wauguzi wa Bomet wakigoma, wa Nyamira wapo kazini, na mwaka unaofuata huwa kinyume chake.

Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF imepisha bima mpya ya SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali: ukuta wa nyumba ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, una ng'ombe wangapi. Halafu huambiwa kiasi chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, alipe ya mwaka mzima. Mkulima wa chai mwenye paa la bati alilolipia kwa bonasi nzuri ya miaka iliyopita anahesabiwa kuwa na uwezo katika mwaka ambao bonasi haikununua hata mbolea. Maswali hayo hupima alichokuwa nacho mtu siku zake nzuri, na mchango unadaiwa siku zake mbaya.

Kule kwenye mashamba makubwa, jibu la pili, la ajira, nalo linaisha. Mashine za kuchuma zimechukua mikono ya wengi, na Mei 2023 vijana wa Kericho walizichoma moto. Kampuni zimeuzwa na kuuzwa tena, na sasa mashamba ya Finlay na yale yaliyokuwa ya Brooke Bond yako chini ya Browns ya Sri Lanka. Mchumaji aliyebadilishwa na mashine hupoteza mshahara, nyumba na zahanati kwa siku moja, kwa sababu vyote vilikuwa kitu kimoja.

Kuna jambo moja ambalo halikumuuliza mtu ukoo, ajira wala mchango. Mwaka 2018 serikali ilifungua posho ya Inua Jamii kwa kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hucheleweshwa, na hazitoshi, na bei ya unga imepanda huku zenyewe zikibaki palepale. Lakini nimeona wazee wakizipokea, na sura zao si za watu waliopewa sadaka. Nawaomba wabunge wetu na mabunge ya kaunti hizi mbili waanzie hapo, na katika afya wakubaliane vivyo hivyo kwamba zahanati iliyo karibu imtibu aliye karibu, na kaunti zidaiane zenyewe baadaye. Shilingi 2,000 za ajuza Mkipsigis na za ajuza Mkisii hutoka hazina moja, na huchukuliwa katika soko moja la Chepilat.